Kodi ya nyumba siyo kodi pekee: kwa wanaotafuta nchi nafuu ya Ulaya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nieleze jambo ambalo limenikaa moyoni kwa miezi kadhaa, kila ninaposoma katika gazeti lako barua za vijana wanaofanya kazi kwa njia ya mtandao na wanaouliza ni nchi gani ya Ulaya ambayo mtu anaweza kuhamia akaishi kwa gharama nafuu huku akiendelea na kazi yake ile ile kwenye kompyuta. Majibu wanayopewa hufanana. Hutajwa Ureno, Bulgaria, Romania, Albania, pengine Hispania ya kusini au visiwa vya Ugiriki, na mbele ya kila jina huwekwa tarakimu moja tu, ambayo ni kodi ya chumba kwa mwezi. Mimi naishi Braga, kaskazini mwa Ureno, tangu mwaka 2023, na kazi yangu ni kufasiri na kuhariri maandishi ya kiufundi kwa wateja walio nje ya nchi hii. Nimeshuhudia tarakimu ile ikiwapotosha watu wazima wenye akili zao timamu, na wa kwanza kupotoshwa nilikuwa mimi.

Kiswahili chetu kinatumia neno moja, kodi, kwa fedha anayolipwa mwenye nyumba na kwa fedha inayolipwa serikalini. Kijana anapouliza kodi ya huko ni kiasi gani, anaulizia ile ya kwanza, na anayemjibu humjibu hiyo hiyo. Ile ya pili haiguswi, wala hakiguswi kibali kinachomruhusu mtu kukaa mahali hapo hadi awe na haki ya kulipa yoyote kati ya hizo mbili. Ninachotaka kusema ni kwamba kwa mtu anayefanya kazi kwa mbali, unafuu wa nchi huanza kuhesabiwa kwenye kibali, hupita kwenye kodi ya serikali na hifadhi ya jamii, na kodi ya chumba hufuata nyuma ikiwa nyepesi kuliko tunavyodhani.

Wiki chache zilizopita msomaji mmoja aliuliza kama euro 1,200 kwa mwezi zinatosha kuishi Ureno. Alijibiwa kwamba zinatosha, akahesabiwa chumba, chakula na nauli ya basi, na hesabu ile haikuwa ya uongo, kwa kuwa wapo maelfu ya Wareno wanaoishi kwa kipato cha chini ya hapo. Lakini hakuna aliyemwambia kwamba kwa euro 1,200 hawezi kupewa viza yenyewe. Viza ya Ureno kwa wafanyakazi wa mbali, ambayo watu huiita D8, ilianza kutolewa tarehe 30 Oktoba 2022, na sharti lake kubwa ni kwamba mwombaji athibitishe kipato cha kila mwezi kisichopungua mara nne ya kima cha chini cha mshahara wa nchi hiyo. Nilipokuja mimi, kima cha chini kilikuwa euro 760, kwa hiyo nilitakiwa kuonyesha euro 3,040. Mwaka 2025 kilikuwa euro 870, na kiwango kikawa euro 3,480. Mwaka 2026 kimepandishwa hadi euro 920, na sasa mwombaji anatakiwa kuonyesha euro 3,680. Ni muhimu msomaji aone jinsi mlango huu unavyosogea kila Januari, kwa sababu mtu anayekusanya nyaraka zake Desemba akiwa na kipato kinachozidi kiwango kwa euro 50 tu anaweza kujikuta nje ya mlango baada ya mwaka mpya, ilhali mkataba wake wa kazi haujabadilika hata herufi moja.

Nchi nyingine nazo zina mizani zake, na mara nyingi ile inayosifiwa kwa unafuu ndiyo yenye mizani nzito. Romania, kwa sheria yake namba 22 ya mwaka 2022, inataka kipato cha mara tatu ya wastani wa mshahara ghafi wa nchi nzima. Ugiriki inataka euro 3,500 kwa mwezi baada ya makato. Estonia ilianza Agosti 2020 kwa euro 3,504, na baadaye ikapanda hadi euro 4,500. Hispania, ambayo wengi huiona ghali, inataka mara mbili tu ya kima cha chini cha mshahara, kiasi ambacho kwa mwaka 2025 kilikuwa takriban euro 2,760. Kwa hiyo kijana anayelipwa euro 2,900 anaweza kupokelewa katika nchi aliyokwisha kuikata kwenye orodha yake kwa sababu ya bei ya vyumba, akakataliwa katika nchi aliyoiwekea tiki kwa sababu hiyo hiyo. Anayepanga safari kwa jedwali la kodi za vyumba hawezi kuliona jambo hili kamwe.

Hapa ndipo njia za mkato huanza kutangazwa, nami naomba niseme kwa ukali kidogo. Njia ya kwanza ni kuingia kwa viza ya matembezi na kukaa kimya. Viza hiyo ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, huruhusu siku zisizozidi 90 katika kila kipindi cha siku 180, na hesabu hiyo hufanywa kwa nchi zote za eneo hilo kwa pamoja, hivyo siku 60 za Ureno na siku 30 za Hispania zinammaliza mtu. Bulgaria na Romania, ambazo zamani watu walizitumia kama mahali pa kusubiri siku zao zijirudie, zimo ndani ya Schengen kikamilifu tangu tarehe 1 Januari 2025. Na tangu tarehe 12 Oktoba 2025 umeanza mfumo mpya wa kielektroniki wa kuandikisha sura na alama za vidole za wageni mpakani, ambao unachukua nafasi ya mihuri ya kwenye pasi. Anayepitisha siku zake haandikwi tena kwa wino unaofifia. Isitoshe, ada ya viza hiyo ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ombi likikataliwa.

Njia ya pili ya mkato inaniumiza zaidi kwa sababu inauzwa na watu wanaojua wanachokifanya. Estonia ilianzisha Desemba 2014 kitambulisho cha kidijitali kwa watu wasioishi nchini humo, ili waweze kufungua na kuendesha kampuni kwa mtandao. Ni kitu halali na chenye manufaa kwa anayekihitaji. Lakini wapo mawakala wanaokiuza kwa vijana wetu kwa jina la ukaazi wa Ulaya, wakitegemea kwamba mnunuzi ataona neno ukaazi na bendera na nembo, asisome zaidi. Nimewahi kupigiwa simu na ndugu aliyekuwa ameshamlipa wakala, akaniuliza atue uwanja upi wa ndege na kadi yake. Nilikaa kimya kwa muda kabla ya kumjibu, maana kadi ile haimpi mtu haki ya kuingia Estonia wala nchi nyingine yoyote, achilia mbali kuishi. Fedha yake haikurudi.

Nikiacha mlango, nije kwenye ile kodi ya pili. Mtu akikaa Ureno zaidi ya siku 183 katika kipindi chochote cha miezi 12, au akiwa na makao yanayoonyesha kwamba hapo ndipo nyumbani kwake, anahesabiwa kuwa mkazi kwa ajili ya kodi, na mapato yake ya dunia nzima yanaingia katika hesabu za Ureno. Haijalishi kwamba anayemlipa yuko bara jingine na fedha inaingia katika benki ya bara jingine. Viwango vya kodi ya mapato hupanda kwa ngazi na ngazi ya juu kabisa hufika asilimia 48. Ukisoma makala za miaka ya nyuma utakutana na sifa za utaratibu maalumu wa wakazi wapya, ulioanzishwa mwaka 2009, ambao uliwatoza watu wa fani fulani asilimia 20 tu kwa miaka kumi. Utaratibu huo ulifungwa kwa wanaokuja kuanzia mwanzo wa mwaka 2024, ukaachwa kipindi kifupi cha mpito, na badala yake ukawekwa mwingine ulio mwembamba zaidi unaolenga utafiti na ubunifu. Mimi nilikuja kuusikia muda wa kuomba ukiwa umeshapita. Bado naona makala ambazo zinaunakili kana kwamba upo, na ninasikitika zinapopita katika gazeti ninaloliheshimu.

Kuna jambo jingine ambalo sikulisoma mahali popote kabla halijanipata, na ningependa nilieleze taratibu. Nilikuja nikiwa mwajiriwa, mwenye mkataba wa kawaida na mshahara wa euro 3,200. Miezi michache baada ya kufika niliwaandikia waajiri wangu kuwajulisha kwamba sasa ni mkazi wa Ureno. Jibu lilitoka kwenye idara yao ya sheria: mfanyakazi anayeishi na kufanya kazi Ureno huilazimu kampuni kujiandikisha katika hifadhi ya jamii ya nchi hiyo na kuchangia asilimia 23.75 juu ya mshahara, wakati mfanyakazi mwenyewe anakatwa asilimia 11. Kampuni haikuwa tayari kwa mzigo huo wala kwa hatari ya kuonekana ina ofisi Ureno kwa sababu yangu mimi mmoja. Nikapewa uchaguzi: niondoke, au nigeuke kuwa mtoa huduma anayejitegemea kwa fedha ile ile. Nilifurahi kusikia kwamba ni fedha ile ile, nikasaini, bila kupima kwamba likizo ya malipo, siku za ugonjwa na mchango wa pensheni vilikuwa vimeondoka mezani pasipo kutajwa.

Anayejitegemea hapa hutoa stakabadhi za kielektroniki kwa kila malipo, na watu huziita recibos verdes, yaani stakabadhi za kijani, kwa rangi ya vitabu vilivyotumika zamani. Miezi 12 ya mwanzo mtu husamehewa mchango wa hifadhi ya jamii. Msamaha huo ni mzuri, lakini una sumu yake, kwa kuwa humfundisha mgeni hesabu isiyo ya kweli. Mwaka wangu wa kwanza niliweka akiba, nikanunua kiti cha maana cha kufanyia kazi, nikawaandikia ndugu kwamba Ureno ni nafuu kweli kweli. Mwezi wa 13 ukaja ujumbe wa hifadhi ya jamii. Mchango ni asilimia 21.4, ukihesabiwa juu ya asilimia 70 ya mapato ya huduma, na kwa mapato yangu ya euro 3,200 ulikuwa euro 479 kila mwezi. Kodi ya nyumba yangu wakati huo ilikuwa euro 620. Ilikuwa kama nimekodi chumba cha pili nisichokilala, na kodi ya mapato yenyewe ilikuwa bado haijaanza kuzungumzwa.

Silalamikii mchango huo wala kodi. Hospitali ya umma nimeitumia, na ninajua inaendeshwa kwa kodi za wakazi. Ninachosema ni kwamba hesabu ya unafuu iliyo kweli ni ile ya mwaka wa pili, na gazeti likitaka kumsaidia kijana limpe hiyo. Bulgaria inatoza kodi ya mapato ya asilimia 10 bila ngazi, na Romania vile vile asilimia 10, na tofauti hiyo na Ureno inaweza kuzidi tofauti yoyote ya bei ya chumba kati ya Braga na Sofia. Kroatia huwaachia wenye kibali cha kazi za mbali kodi ya mapato ya kazi hiyo wanayolipwa kutoka nje, lakini kibali chake ni cha muda tu. Kila nchi ina mahali inapokupunguzia na mahali inapokukamata, na mtu hawezi kupajua kwa kutazama picha za bahari.

Sasa niseme kuhusu nyumba, maana sikukusudia kuidharau. Kukodi nyumba Ureno kunahitaji namba ya mlipakodi, ambayo hupatikana mapema na si kazi kubwa. Ugumu uko kwa mwenye nyumba. Wengi hutaka fiador, yaani mdhamini mwenye kipato nchini humo, na mgeni asiye na ndugu atampata wapi? Asipokuwa naye huombwa miezi kadhaa ya mbele pamoja na amana. Tena mwombaji wa viza anatakiwa aonyeshe mahali pa kukaa kabla hajapewa viza, kwa hiyo watu hulipia nyumba ambayo hawajaiona kwa ajili ya safari ambayo hawana uhakika nayo. Na wapo wenye nyumba ambao hawataki mkataba uandikishwe katika mamlaka ya kodi ili wasilipe kodi yao. Ukikubali, unapunguziwa kidogo, lakini unabaki bila karatasi ya kuthibitisha anwani yako, na bila anwani hakuna kitu kinachotembea. Wa kwanza niliyemkuta alitaka hivyo hivyo. Nilimkatalia, nikakaa wiki tatu nyingine katika chumba cha wageni ambacho bei yake ilinilia akiba, na hadi leo sijajutia wiki hizo.

Halafu kuna baridi ya ndani. Watu wanaposikia Ureno hufikiria jua, na kiangazi jua lipo la kutosha. Lakini Braga ni mji wa mvua nyingi, na nyumba nyingi za zamani hazina mfumo wa kupasha joto wala kuta zenye kuzuia baridi. Januari ya kwanza nilisogeza kabati la nguo lililokuwa limeegemea ukuta wa kaskazini, nikakuta nyuma yake ukuta umekuwa mweusi kwa ukungu kutoka sakafuni hadi usawa wa kifua, na koti langu la pekee la maana limeota vidoadoa vya kijani begani. Nilikuwa nikifanya kazi nimevaa glavu nilizozikata vidole ili niweze kuandika. Nilinunua hita ya umeme na mashine ya kunyonya unyevu, ambayo kila asubuhi nilikuwa nikimwaga kutoka ndani yake lita mbili za maji yaliyokuwa hewani mwa chumba changu. Ankara ya umeme iliyokuwa euro 40 ikapanda hadi 130. Anayefanya kazi ofisini huikimbia baridi ya nyumba yake saa nane kwa siku. Sisi tunaofanyia kazi nyumbani tunaishi nayo mchana na usiku, na ndiyo maana ninashangaa kwamba majedwali ya gharama yaliyotungwa kwa ajili yetu hayana safu ya kupasha joto.

Aliyenifundisha kuupangusa ukungu ule ni bibi wa ghorofa ya chini, mjane, ambaye huniita filho, yaani mwanangu. Ndiye pia aliyenisaidia Kireno, kwa subira kubwa, na alicheka mpaka akakaa chini siku nilipomwambia kwamba mesa yake sisi ni meza, bandeira yake ni bendera, na fronha aliyokuwa akiikunja ni foronya. Siku moja aliniuliza ninalipa kiasi gani kwa mwezi. Nikamwambia 620. Hakusema kitu kwa muda, kisha akaanza kuhesabu kwa kidole juu ya kitambaa cha meza. Mwanawe ana miaka 34, anafanya kazi katika kiwanda cha nguo upande wa Guimarães, na mwaka huo alikuwa akilipwa kima cha chini, euro 870. Baada ya asilimia 11 ya hifadhi ya jamii alikuwa akibakiwa na euro 774. Chumba ninachokiita nafuu kingemwachia euro 154 za kula na kusafiri mwezi mzima. Ndiyo maana amerudi kulala katika chumba alichokulia, na bibi yule hakunieleza hayo kwa kunilaumu. Alikuwa akihesabu tu.

Tangu siku hiyo sijaweza kuliandika neno nafuu bila kujiuliza ni nafuu kwa nani. Serikali imeweka kiwango cha mara nne ya kima cha chini, maana yake kila mmoja wetu aliyepita katika mlango ule alionyesha kipato cha angalau mara nne ya kile alichokuwa akilipwa wakati huo mtu kama yule kijana wa kiwandani, na sote tunatafuta nyumba katika mitaa ile ile. Tarehe 1 Aprili 2023 watu walijaa barabarani Lisbon na katika miji mingine chini ya kaulimbiu ya Casa para Viver, nyumba ya kuishi. Oktoba ya mwaka huo sheria ya makazi ikafuta njia ya kupata ukaazi kwa kununua nyumba. Barcelona nayo ilitangaza Juni 2024 kwamba haitahuisha leseni 10,101 za nyumba za kupangisha watalii zitakapokwisha Novemba 2028. Wafanyakazi wa mbali hatukuuleta ugumu huu peke yetu. Watalii, wanunuzi wa nyumba za kufunga tu na uhaba wa ujenzi vimechangia, pengine kutuzidi. Lakini sioni uhalali wa kijana wetu kufika mahali hapo akiwa hajawahi kuambiwa kwamba hasira hiyo ipo na kwamba ina sababu.

Yapo mambo madogo ambayo mgeni anaweza kuyafanya, nami nimejaribu kuyashika. Siongezi dau juu ya kodi iliyotangazwa ili kumshinda mwenyeji, jambo ambalo madalali hulichochea kwa kunong'ona kwamba kuna mtu mwingine anayekuja jioni. Mkataba wangu umeandikishwa. Kodi yangu nailipa hapa ninapoishi, wala sifuati ushauri wa wale wanaohesabu siku ili wasiwe wakazi wa mahali popote. Na lugha nimejifunza, kwa sababu mtu aliyekaa miaka miwili katika mji na bado anaagiza mkate kwa kuonyesha kidole huwa mgeni hata kwa yule anayemkodishia.

Kwa hiyo ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni la kikazi. Mnapochapisha tena makala kuhusu nchi nafuu za Ulaya kwa wafanyakazi wa mbali, naomba mbele ya kila jina la nchi ziwekwe tarakimu tano: kiwango cha kipato kinachotakiwa na mwaka wa kiwango hicho, kodi ya mapato, mchango wa hifadhi ya jamii kwa anayejitegemea, gharama ya nyumba pamoja na kupasha joto, na kima cha chini cha mshahara wa wenyeji. Hiyo ya mwisho naiombea kwa nguvu, kwa sababu humwambia msomaji mambo mawili kwa pamoja, yaani, kwa nchi kama Ureno na Hispania, mlango unapimwa kwa kiasi gani, na jirani yake ataishi kwa kiasi gani.

Kwa yule msomaji wa euro 1,200, namshauri asiache kazi aliyo nayo wala asimlipe wakala yeyote kwa sasa. Kama ana mteja mmoja, atafute wa pili na wa tatu kwa mikataba ya maandishi, kwa kuwa balozi husoma mikataba na taarifa za benki za miezi mitatu, na haziangalii ahadi. Amuulize mwajiri wake mapema, kwa barua, kama ataruhusiwa kuishi nchi nyingine akiwa bado mwajiriwa, na asubiri jibu kabla ya kununua tiketi. Aanze lugha leo, maana hiyo haina kiwango cha kipato. Na kama gazeti litaona inafaa, niko tayari kuleta hesabu yangu ya mwaka 2025 nzima, mwezi kwa mwezi, stakabadhi kwa stakabadhi, pamoja na miezi miwili iliyonishinda nikakopa.

Wako mtiifu,

Msomaji wako wa siku nyingi,
Braga, Ureno